Mke Wangu Anang'oa Misumari Niliyopigilia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa mimi si mtu wa kuomba msaada, muulize yeyote mtaani kwetu atakwambia Mzee Misumari ndiye huombwa, na jina hilo sikujipa, nimepewa na watu kwa sababu duka langu la vifaa vya ujenzi ndilo la kwanza kufunguliwa hapa, wakati huo hawa wengine wanaojiita wafanyabiashara walikuwa bado wanafutwa kamasi. Shule sikukaa sana, nilitoka mapema kutafuta maisha, kwa hiyo ukiona maandishi yamelala usinicheke, kichwa kimesimama.

Mimi nimejitolea katika mtaa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Lango la zahanati bawaba nimetia mimi, mabenchi ya kina mama wanaosubiri na watoto nimeyapaka rangi mimi, nguzo za magoli ya uwanja zimetoka dukani kwangu, na chama cha kuzikana kikitaka turubai hakipigi hodi kwa mtu mwingine. Sijawahi kudai asante, ingawa ikitolewa siikatai. Lakini kazi ya roho yangu ni madawati ya shule ya msingi. Kila Jumamosi nafunga duka mchana, nachukua nyundo na mfuko wa misumari, nakwenda kutengeneza yaliyovunjika wiki hiyo, maana watoto wa siku hizi wanakaa kwenye dawati kama wamepanda punda. Walimu wakuu wamekuja wamekwenda, mimi nipo. Na mkono wangu ni uleule, usisikie maneno ya watu. Kweli chai humwagika kidogo, lakini ni hivi vikombe vya kisasa, vishikio vyake vidogo mno, na dukani mizani nimemwachia mwanangu kwa sababu imeanza kuchezacheza.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Mke wangu, mama wa watoto wangu, kila Jumapili baada ya chakula hubeba kikapu na kusema anakwenda kumwona dada yake, na mimi sikuwa na neno kwa sababu niliambiwa huyo dada ni mgonjwa wa miguu. Siku moja nakutana naye sokoni, anatembea mwenyewe, amebeba viazi kichwani, mzima kuliko mimi, ananiambia, "Shemeji, mmenitupa kabisa, hivi huyo mdogo wangu bado yu hai?"

Mshauri, mke wangu ana wajukuu, lakini mimi ni mwanamume, na moyo haukutulia. Jumapili iliyofuata nikamwacha atangulie, nikamfuata kwa mbali nikijibanza nyuma ya ukuta wa kinyozi kama mwizi wa kuku, na shida ya kuheshimika ni kwamba kila anayepita anakuamkia, ikabidi niwe naitikia kwa kunong'ona. Kikapu kikakata kona, kikaingia lango la shule.

Getini mlinzi akanishangaa. "Mzee, vipi tena leo? Zamu yako si jana? Leo zamu ya mama."

Nikamuuliza mama gani, akacheka akidhani natania, akanifungulia.

Nikasikia nyundo darasani. Mimi nyundo naijua, na nilisimama pale nikasema moyoni, huyu fundi kapata wapi mkono huu, maana anapiga mara mbili msumari umezama, hakuna pigo linalopotea, hata wivu wa mke ukanitoka kidogo nikataka tu kumjua fundi. Nikachungulia dirishani. Ni mke wangu. Amepiga magoti sakafuni, koleo limetoka kwenye kikapu, anang'oa misumari niliyopigilia mimi jana yake, anainyoosha juu ya jiwe, anaipigilia upya. Mwalimu mkuu, yule mama aliyehamia karibuni, amemshikia mguu wa dawati. Mke wangu akanyanyua msumari mmoja uliopinda kama ndoana akamwonyesha, wakacheka wote wawili. Halafu mwalimu akamuuliza, "Lakini mama, kwa nini usimwambie tu?"

Mke wangu akasema, "Nikimwambia atakaa nyumbani. Na akikaa nyumbani nitamfanya nini?"

Neno hilo ndilo linanizunguka kichwani mpaka leo. Ni tusi au si tusi? Amenichoka, hataki kuniona ndani? Nimelilaza upande huu, nimeligeuza upande ule, sioni mwanzo wala mwisho wake.

Sikuingia. Nilirudi nyumbani nikakaa kitini, aliporudi nikamuuliza dada yako hajambo, akasema miguu bado inamsumbua, nikasema mpe pole.

Jumamosi nikasema mgongo unauma, sikwenda shule. Akanitazama, akauliza, "Huendi kweli?" Akaondoka, akarudi, akauliza tena. Na Jumapili, hapa ndipo nilipopotea kabisa, kikapu hakikutoka! Kama fundi ni yeye, mimi wa nini, si angekwenda peke yake? Imekuwa hivyo mpaka sasa. Madawati yanazidi kulala, mlinzi ameshatumwa kuja kuniulizia hali, watoto wa darasa la pili wanaandikia sakafuni, na ndani ya nyumba moja mafundi wawili tumekaa tunatazamana kama watu wasiojuana kwenye foleni. Anapika, hasemi. Nakula, sisemi.

Na nani kamfundisha? Mimi sijamfundisha. Tulipokuwa tunajenga duka kazi yake ilikuwa kunipa misumari tu.

Tena shule imeniita kwenye mkutano wa wazazi unaokuja, wanataka kunishukuru mbele ya watu kwa utumishi wa miaka yote hiyo, na kumbe mlinzi anajua, mwalimu anajua, huenda wazazi wote wanajua, mjinga ni mimi mwenye sherehe. Nitasimama niseme nini? Niache kabisa kujitolea, nikae dukani kwangu? Nimkabili mke wangu? Au nijifanye sikuona? Nishauri, lakini usiniambie nimezeeka, hilo sikukuuliza.

Ni mimi, Mzee Misumari

*

Mzee wangu Misumari, shikamoo.

Umenikataza neno moja, basi nitapita pembeni yake. Kwanza pole. Kuchungulia dirishani ukakuta kazi unayojivunia inafanywa upya, hilo linauma, na lingemuuma hata kijana. Sasa niruhusu nikukaripie. Umefunga safari kwenda kumfumania mke wako, umemfumania amepiga magoti kwenye sakafu ngumu akilinda jina lako, na bado unaniuliza kama umetukanwa?

Neno lake ulilisikia vizuri, ila umelisikilizia upande wa majivuno. Angekuwa amekuchoka, angekwambia siku ileile ya kwanza, ukanuna, akapumzika Jumapili zake. Hakukwambia kwa sababu anakujua. Bila Jumamosi yako wewe ni mgongo unaouma na mtu wa kulaumu vikombe. Na kikapu hakikutoka kwa sababu hiyohiyo. Hakuwa anakwenda kwa ajili ya madawati, mzee. Ulipokaa wewe, safari yake ikaisha.

Hapo naye amekosea, na umwambie nimesema. Watoto wanaoandikia sakafuni hawahusiki na ndoa yenu. Na kumtia dada wa watu ugonjwa wa miguu ili apate ruhusa ya kutoka si vizuri hata kidogo.

Unauliza nani kamfundisha. Mtu aliyesimama kando yako akikupa msumari mmoja baada ya mwingine mpaka duka zima likasimama, ulidhani macho yake yalikuwa wapi?

Halafu vikombe vimeharibika, mizani imeharibika, na misumari ya dukani kwako mwenyewe nayo inapinda. Vyote kwa mpigo? Wewe ni mfanyabiashara, mteja akikuletea hadithi hiyo ungemwamini? Kabla wiki haijaisha, pita lango ulilotia bawaba, keti kwenye benchi ulilopaka rangi, na safari hii usiende kama mfadhili. Mwonyeshe daktari huo mkono. Mikono inayotetemeka mingine ina dawa, mingine haina, lakini mnaojidanganya nyumbani hamjui ni upi.

Kuacha kujitolea nakukatalia. Lango, magoli na turubai havikupigiliwa upya na mtu, na shukrani za mkutano ni zako kwa haki. Nenda. Wakikuita mbele, usihutubie. Sema kwamba mafundi ni wawili, kisha mwite mwenzako asimame. Hao wanaojua siri yako watakosa cha kunong'ona.

Lakini hiyo ni baadaye. Kuna Jumamosi hii. Usimweke mke wako kitako, usimsomee mashitaka, usitaje dirisha. Ukishafunga duka, simama mlangoni na umwambie, "Mama, leta kikapu chako, twende." Ataelewa kabla hujamaliza. Mkifika, nyundo mpe yeye. Wewe kalia ubao kwa uzito wako wote usicheze, uzito huo bado hautetemeki, na umpe misumari.

Na akipiga mara mbili msumari ukazama, usinyamaze. Yale uliyoyasema moyoni ukiwa nje ya dirisha, kabla hujajua fundi ni nani, yarudie kwa sauti.

Mshauri wako