Amplifaya Yako na Masikio ya Bibi

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Bibi,
Jumatatu, 14 Aprili.

Mpendwa Mjomba,

Salamu zikukute popote ulipokaa, hata kama umekaa mbele ya sahani. Hujambo? Mkazamjomba hajambo? Na kitambi nacho kinaendeleaje? Sisi huku wazima. Mama bado anashona; mgongo unamsumbua, lakini mdomo haujamsumbua hata siku moja. Mimi nazidi kupendeza tu, mpaka nawaonea huruma wenzangu.

Sasa keti. Amplifaya yako nimeifungua. Ndiyo, ile ile uliyosema nisiiguse hata kwa macho. Usichane barua, soma kwanza.

Umeuliza kama Bibi amekukasirikia, maana huu ni mwezi wa nne sasa kila ukipiga simu anasema ana kazi, anampa Mama. Mjomba, Bibi hana kazi yoyote. Hasikii, na anaona haya kumwambia mwanawe. Hata mezani alikuwa haji tena, anakula chumbani peke yake. Mimi ndiye niliyegundua. Nilimtania kwamba anakoroma kama mashine ya kusaga, na hakunirushia kandambili. Nikajua hapa pana ugonjwa.

Basi nikaingia stoo. Upande mmoja wa amplifaya uliungua tangu ile siku uliyoifunga spika sita ukasingizia umeme wa mtaa. Upande wa pili mzima. Nikachomoa waya ukutani, nikaingiza mkono kwa madaha, kifundi kabisa. Pa! Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Fundi redio wa hapa mtaani alicheka mpaka akashika ukuta. "Umeme wa ukutani umeuchomoa, bwana mkubwa. Na uliolala ndani ya kapasita ulimwachia nani?" Kumbe vile vikopo viwili vinene huweka umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Sasa nauondoa kwanza, kama alivyonionyesha, ndipo nitie mkono. Hilo mwalimu wa fizikia hakunifundisha, au alilifundisha siku niliyokuwa nje nimepiga magoti.

Nimetumia transfoma na kile kipande kidogo kinachopokea sauti ya maiki. Kile kikubwa cha kukuza sauti, cha kupasulia vioo, nimekiweka pembeni. Kwanza nilifunga spika. Maiki ikawa inaisikia spika, spika inaisikia maiki, vikapiga yowe mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Nikatoa spika, nikafunga hedifoni zako.

Juzi mchana nikaweka maiki katikati ya meza, nikamvisha Bibi hedifoni. Mama akaninong'oneza, "Mtazame mama yangu, kama rubani."

Bibi akageuka. "Rubani mwenyewe! Chumvi ya mboga hii umeimwaga kutoka angani?"

Mama alicheka akalia, au alilia akacheka, sikupata nafasi ya kupima. Bibi alikaa pale mpaka sahani zikakaukiana, akimjibu kila mtu, hata ambaye hakumsemesha. Nami nilipata yangu: "Kumbe huwa unaimba ukioga? Acha."

Leo nimeongeza waya wa kuchomeka kwenye simu. Nimeujaribu kwa kumpigia shangazi wa jirani, umekubali. Bibi ameuliza mara tatu Jumapili imebaki siku ngapi.

Piga Jumapili asubuhi, saa nne. Usipaaze sauti kama ulivyozoea, utamwangusha kitini. Wala usimuulize kama anasikia. Muulize hali yake, halafu unyamaze. Ana maneno ya miezi minne, na mengi ni ya kukugombeza.

Mama anakusalimu sana. Wasalimie mkazamjomba na binamu zangu wote, hasa yule mwenye masikio makubwa, umwambie hedifoni za kumtosha sina. Mungu akulinde wewe na hao wako, akurudishe ukiwa na afya na hasira kidogo.

Mpwa wako akupendaye, pamoja na mali zako,

Waya