Chumba cha Tano

Mama watoto,

Maziwa nimeyachemsha, yafunike. Nimewahi manispaa, leo ni siku ya mwisho ya kukatia rufaa ile kodi ya majengo uliyonifokea asubuhi.

Ni kweli, imepanda kwa mdomo wangu. Kumbe nchi hii tuliyohamia, kila mwaka wanapima thamani ya nyumba ndipo wanakukadiria kodi. Yule bwana wao wa futikamba aliniuliza vyumba vingapi, nami nikajibu vitano, na stoo nikaihesabu!

Akirudi, ~~mpe chai~~ mwonyeshe paa linapovuja.

Ila usinicheke sana. Miaka kumi na tisa ya kupanga, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nyumba yangu ina vyumba vingapi.

Baba watoto,
mwenye nyumba (vyumba vinne)