Udongo wa Oliva

Katandala, Sumbawanga

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Bado unapanda na udongo kutoka bondeni mwenyewe, au mke wa kaka anakupokea? Huko Upare mnalalamika baridi. Njooni mwonje ya Ufipa, nafundisha na koti. Afya ninayo, furaha ndiyo sina. Nina hasira, mama, na nisipokuandikia nitamtukana mtu.

Nilikwambia darasa la pili nawafundisha habari za watu wa kale kwa mikono, si kwa kukariri. Tulianza kwa kuchora wanyama ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu. Halafu nikawaza, hawa babu zao waliyeyusha chuma hapahapa, kwenye matanuri marefu ya udongo wa kichuguu. Basi tukajenga letu dogo, la kunifika kiunoni. Wiki mbili nzima! Aliyekanda udongo ni Oliva, binti wa miaka minane, mkimya, kusoma kunampiga chenga, lakini vidole vyake ungevipenda. Kila ufa aliuziba yeye.

Ijumaa tulitegemea wageni kutoka ofisi ya elimu. Siku chache kabla, mwalimu mkuu akamleta mzee mmoja, mjukuu wa wafua chuma, atuoneshe kuwasha moto na kuupuliza kwa mivukuto. Mzee akalizunguka tanuri, akalipapasa, akatabasamu.

"Nani kakanda?"

"Olivaaa!" darasa zima likaitika. Walijivunia mwenzao, maskini.

Mzee akaondoa mkono. Akasema tanuri la chuma haliguswi na mwanamke, awe mkubwa awe mdogo, na hilo halitatoa kitu.

"Nisamehe babu," nikamwambia, "huyu ni mtoto, na hili ni somo tu."

"Mwanangu, wewe ni mgeni. Nawe ni mwanamke, sogea."

Mwalimu mkuu, ambaye tope hajalishika hata siku moja, akasema mila ni mila. Wavulana wakaambiwa walivunje kwa majembe. Oliva akanishika koti: "Mwalimu, mikono yangu ina nini?" Nikamwambia akanawe. Mimi, mwalimu!

Ijumaa ilipofika, wavulana walikuwa na tanuri jingine, limepinda, likawaka, wageni wakapiga makofi. Wasichana walikuwa nyuma wanaosha vikombe vya chai.

Nimekaa kukuandikia nimwage sumu yote kwa yule mzee. Lakini kalamu imenipeleka kwa kaka Eliamani. Unakumbuka kale kachungu alikofinyanga utotoni, akakaficha kati ya vyungu vyako vilivyokuwa vinasubiri moto? Ulikatupa, ukamfukuza kwa fimbo, eti mwanamume akisogea vyungu vinapasuka. Alikuja kunionesha viganja vyake, analia. Nilicheka, mama. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baba mwambie shikamoo yake iko palepale. Shangazi anayeuza vyungu sokoni msalimie, na mke wa kaka pia.

Kaka usimpe salamu kavukavu. Mpe bonge la udongo, ukae naye.

Ni mimi mwanao, mwenye hasira na aibu,
Nakijwa