Mchezo wa Watu Watano, na Sisi Tuko Wawili

Mpendwa Bi Jovita, naomba msaada wako, na ninakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe ni mchezo lakini linataka kunivunjia nyumba.

Mimi nauza na kufunga sola hapa Muleba, nilianza na bisibisi moja na sikurithi kitu, sina baba wala mjomba, na nilipotaka kumposa Sumaiya sikuwa na mzee hata mmoja wa kunisemea, basi baba yake, Mzee Bashiri, akamgeukia mdogo wake wa kuzaliwa akamwambia, "Hamia upande wa kijana, umtetee dhidi yangu, na usinionee huruma," na yule bwana akatetea kweli mpaka kaka yake akachoka, jambo ambalo nitalishukuru mpaka naingia kaburini.

Mwaka jana mama mkwe alifariki, tukamleta mzee kutoka Bumbire alikokuwa akiunda mitumbwi, aishi na sisi. Sumaiya ni muuguzi kule Rubya na zamu zake ni nyingi, kwa hiyo jioni tunabaki wanaume wawili, mzee anaitikia salamu kisha anaangalia ukuta. Ndipo nikakumbuka mchezo wa kusimulia tuliokuwa tunacheza Bukoba, nyuma ya duka la wazazi wa rafiki yangu Viral, tukiwa watano: mmoja ni msimulizi, anaeleza nchi ya kubuni na hatari zake, na wengine kila mmoja ana shujaa wake, anasema shujaa anafanya nini, na jambo likiwa gumu mnarusha dadu yenye pande ishirini iamue. Viral alipohama na wazazi hao aliniachia kitabu na dadu, kwa hiyo nikawa msimulizi na mzee akabuni shujaa, muunda mitumbwi anayeitwa Rutabingwa, na Bi Jovita, huwezi kuamini, mzee akaanza kuongea, akawa anabishana na walinzi wa madaraja ambao hawapo, mpaka Sumaiya akitoka kazini anatusikia tangu njiani na anasimama kwanza nje kusikiliza sauti ya baba yake.

Shida ni hesabu. Kitabu kiliandikwa kwa kundi. Mashujaa wanne wakikutana na majambazi wanne kila mtu ana wake, lakini mzee ni mmoja, anapiga mara moja anapigwa mara nne, na hata hilo pigo lake moja linahitaji kumi na mbili au zaidi, yaani nafasi tisa kati ya ishirini, kwa hiyo Rutabingwa alitakiwa kufa jioni ya kwanza, na mimi mbele ya baba mkwe hata sauti siipandishi, nitamwambiaje, "Baba, umekufa"? Nikawa narusha dadu nyuma ya kitabu na kutaja namba ninayoipenda.

Juzi aliinuka kufuata kahawa yake ya kutafuna, akapita mgongoni kwangu wakati ndiyo kwanza nimetangaza kwamba jambazi amepata mbili. Dadu ilikuwa inaonyesha kumi na tisa.

"Mkwe," akasema, "mbili ya huku Muleba ina tarakimu mbili?"

Akakaa, akatafuna.

"Rutabingwa alikufa zamani, sivyo?"

"Hapana, Baba, yuko hai."

"Amekufa. Wewe umekuwa unatembeza maiti."

Asubuhi yake akamwambia Sumaiya kwamba mwisho wa mwezi anarudi Bumbire, akakae peke yake, huko hakuna anayemlisha kwa kijiko. Begi limeshafungwa. Sumaiya ananiambia, "Umemfanya baba yangu mtoto mchanga," na mimi nimeumia, kwa sababu nani mwingine hapa amekaa naye jioni zote hizo?

Rafiki yangu Mital yuko Dar, anaweza kunitumia mchezo mmoja kati ya mitatu: wa msimulizi mmoja na shujaa mmoja, wa watu wawili wasio na msimulizi ambao karata ndizo zinazoamua, au wa mtu mmoja anayecheza na kuandika hadithi mwenyewe. Nichukue upi ili mzee abaki?

Muksini, Muleba

JIBU

Muksini, sikukucheka, ila kwenye maiti nilishindwa.

Uliketi na mzee aliyefiwa ukamtoa ukutani. Wengi wangemwashia televisheni wakajiona wamemaliza kazi. Kwa hilo nakushukuru hata mimi nisiyemjua baba yako mkwe.

Lakini hukumheshimu, na usijidanganye kwamba ulimheshimu. Mtu aliyempeleka mdogo wake upande wa pili ili mazungumzo yake mwenyewe yawe ya haki, wewe ndiye unamfichia dadu? Ulijihurumia wewe, usije ukatamka neno zito, ukaliita adabu. Na hizo hesabu zako ulizipiga vizuri ukazitumia vibaya. Kama wanne ni wengi kwa mmoja, ungepunguza majambazi kabla ya kurusha. Anayebadilisha jibu baada ya kurusha ni mwongo, hata awe mkwe mwema namna gani.

Sasa mchezo. Ule wa mtu mmoja uache. Una raha yake kwa anayependa upweke, lakini ukimpa aliyefiwa na mke unamfundisha kile anachotaka kwenda kukifanya Bumbire. Ule wa karata usio na msimulizi utakuja kuwafaa, hakuna mkubwa wala mdogo ndani yake, ila kwa sasa hauponyi kidonda chenu. Mwambie Mital atume ule wa msimulizi mmoja na shujaa mmoja, kwa sababu uliandikwa tangu mwanzo kwa watu wawili: shujaa wake anaweza kukimbia, kujificha au kupatana, na haandaliwi vita vya kundi.

Mchezo ukifika, usikalie kiti cha msimulizi. Kiti hicho ni cha mzee. Sisi Wahaya tulilelewa kwenye hadithi: msimulizi anasema, "Nilikuja nikaona," na wasikilizaji wanaitikia, "Ona, nasi tuone." Umewahi kumwona kijana akimsimulia babu huku akimkingia mabaya yasimpate? Kazi yako ilikuwa kuitikia. Kama kitabu ni cha Kiingereza, msomee kanuni kwa Kiswahili, halafu kaa upande wa shujaa, dadu irushwe katikati ya meza, macho yote yakiona.

Usisubiri mzigo wa Dar. Leo mpigie simu yule baba mdogo aliyekusemea kwenye posa, aje akutangulie, maana mkwe haendi peke yake kumwomba radhi baba mkwe. Mbele yake mwambie mzee neno moja, "Nilikudanganya, Baba," usiweke "lakini." Kisha mwombe akusimulie kwa kitabu ulicho nacho, jambazi mmoja kwa shujaa mmoja. Akikataa, begi usilifungue wewe. Kesho yake mwombe tena.

Akikubali, atakuua, labda jioni hiyohiyo, na ninashuku atafurahi. Usimpigie hesabu kumwonyesha ulivyoonewa. Kufa vizuri. Kisha muulize nini kilitokea baada ya hapo, umwache aongee.