Aliniuliza Amebakiza Utu Kiasi Gani, Nikamhesabia

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana hapa nyumbani hakuna anayenielewa, mimi ni karani wa mahakama, nimeoa, na kila Jumamosi mchana kwa miaka miwili nimekuwa nikisimamia mchezo wa kuigiza sebuleni kwangu, ghorofa ya nne, ule mchezo wa mezani wa kete na karatasi ambao kila mchezaji anajitungia mhusika wake na msimamizi ndiye anayesimulia mji na maadui na kuamua kanuni, na mji wetu ni wa miaka ijayo, makampuni ndiyo serikali, watu wanajipachika mikono ya chuma na macho ya kioo na kudukua mitambo kwa ubongo mtupu, na kitabu cha kanuni nakijua kurasa zote, nimekibandika vikaratasi vya rangi kama jalada la kesi.

Sasa katika mchezo huu kila mhusika anaanza na pointi kumi za utu, na kila chuma anachojipachika kinampunguzia, zikiisha anahesabiwa si mtu tena, msimamizi anachukua karatasi iliyoandikwa sifa zake na kumfanya adui, ndiyo kanuni, sikuitunga mimi, na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, tunamwita Kocha kwa sababu anafundisha watoto mpira, mhusika wake alikuwa mkimbiaji wa juu ya mapaa, akampachika mguu wa chuma, nikakata mbili, akampachika wa pili, nikakata mbili, halafu mkono nikakata tatu, halafu macho nikakata tatu, zikaisha, nikanyoosha mkono nikaichukua karatasi yake, na raundi iliyofuata nikamtumia mkimbiaji huyo huyo kumpiga risasi mhusika wa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni muuguzi, na kusema kweli lilikuwa tukio zuri sana.

Nisisahau kusema, Kocha mwenyewe ana mguu wa bandia tangu ajali ya kiwandani, lakini hilo halikuwa kwenye mchezo. Basi akaniangalia, akasema, "Kwa hesabu zako, mimi hapa nimebakiza ngapi?" na mimi nikadhani anauliza kanuni, nikafungua ukurasa, nikamwambia, "Mguu mmoja ni mbili, kwa hiyo una nane," akainuka akaondoka bila kuaga, shemeji naye akamfuata, wiki ya tano sasa hawaji, simu Kocha hapokei, mke wangu anasema nikaombe radhi lakini yeye hajui mchezo, na mimi sikumtukana mtu, alitaka jibu nikampa jibu. Je, kanuni niliisoma sawasawa? Na nifanye nini meza yangu irudi, maana hadithi ilikuwa imefika patamu?

Msimamizi Mwadilifu

*

Msimamizi,

Nianze na swali lako, maana wewe ni mtu wa kupenda majibu. Kitabu hicho nimekiazima kwa mpangaji kurasa wa gazeti hili, nikakisoma. Kanuni uliisoma sawasawa. Hongera. Umesoma sawasawa na umebaki sebuleni peke yako na kete zako.

Barua nzima ni pointi, na mguu wa rafiki yako ukaja kuuchomeka kwenye "nisisahau kusema". Ulikuwa umeshasahau, ndugu yangu. Mtu anapanda ghorofa nne kila Jumamosi kwa mguu huo, na wewe ambaye hata siku moja hukufikiria kuihamishia meza kwake, unaniambia haukuwa kwenye mchezo. Wala hukujiuliza kwa nini, kati ya wahusika wote ambao angeweza kuwatunga, alijitungia mkimbiaji. Alikuja kwako kukimbia. Ukamkata pointi, ukamnyang'anya mtu wake, ukamfanya muuaji mbele ya wenzake, na bado unajisifia tukio. Nimekusoma mara mbili nikidhani unatania.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku ile zako ulikuwa umezinyoa. Mtoto wa chekechea angejua kwamba swali lile halikuwa la hesabu. Tumelelewa tukiambiwa mtu ni utu, si kitu, na wewe umekaa na kitabu ukimtoa mwenzako mbili katika kumi, tena kwa upole, kama unamfanyia hisani.

Mambo ya usimamizi ni haya. Kitabu hicho hicho, mwanzoni kabisa, kinasema msimamizi anaweza kubadili kanuni yoyote inayoharibu meza. Huko nadhani vikaratasi vyako vya rangi havikufika. Utu ukate kwa matendo. Mhusika akimsaliti mwenzake, kata. Akimpiga risasi aliyesalimu amri, kata mpaka alie. Anayejipachika mguu ili atembee, mwache atembee. Na karatasi ya mchezaji huichukui mkononi mwake kabla hujamwuliza kama anataka mtu wake aishie hapo.

Sasa Jumamosi hii usiweke viti. Nenda kwa Kocha mwenyewe, na kitabu kiache nyumbani. Usiseme "kama nimekukwaza". Sema umekosa, mrudishie karatasi ya mkimbiaji wake, unyamaze. Usimwulize kama atarudi kucheza, wala usimkumbushe hadithi ilifika wapi, hiyo shida ni yako. Akiichana mbele yako, aichane, ni yake. Shemeji yako utamwona baadaye, na kwake pia hutafungua ukurasa. Mke wako alikuambia uende akiwa hajui kanuni hata moja, na ungemsikiliza wiki ya kwanza usingehitaji kuniandikia mimi.

Wa kucheza nao utawapata, wapenda kete ni wengi. Rafiki wa tangu shule ya msingi hupewi mwingine.