Papa Amecheza Rokenroli, na Mimi Nimemnyamazisha

Mama Médiatrice mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimemfanyia mzazi wangu jambo baya na sijui nitalitengenezaje. Nina miaka arobaini na sita, nasuka nywele kwenye saluni moja ya Umbilo Road, naishi na mume wangu Désiré pamoja na baba yangu, Papa Séverin, mwenye miaka themanini na minne, mzee wa kanisa, mtu wa tai na Biblia, ambaye tangu nizaliwe sijamwona akitikisa hata bega kwaya inapoimba, na hiyo kwaya naiongoza mimi.

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, bibi wa Kizungu wa hapa hapa Durban, aliniomba niende Jumamosi mchana kwenye ukumbi mmoja karibu na Glenwood, niwatengeneze nywele wazee wenzake wanaokutana kucheza rokenroli, muziki wa ujana wao, nikamchukua na Papa kwa sababu alishaanguka bafuni na hatumwachi peke yake, nikamkalisha karibu na mlango na chai yake. Nilikuwa nawabana watu nywele wakaweka santuri ya zamani, gitaa linabweka, piano inapigwa kama kwa ngumi, halafu nikasikia watu wameacha kuongea, nikageuka, nikaona Papa amesimama. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Yule bibi akamuuliza kama anajua kucheza, akamjibu, "Madame, zamani nilijua."

Mama, ungemwona. Magoti yake ninayoyapaka dawa kila asubuhi yalikunjuka kama ya kijana, alimzungusha yule bibi chini ya mkono, akampokea kwa nyuma bila hata kuangalia, miguu yake ilikuwa inajua kitu ambacho mimi mtoto wake sikuwahi kuambiwa, mwili ukanisisimka kuanzia kichwani mpaka miguuni, mlinzi wa mlango akapiga kelele, "Eish, mkhulu!" yaani babu kwa Kizulu, na mimi nimebaki na kitana mkononi.

Kwenye taxi ya kurudi ndipo aliponieleza. Mwaka 1958 huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, treni zilikuwa zinaleta santuri kutoka huku kusini, na wao walikuwa vijana sita wenye suruali za kubana na nywele zilizosimamishwa kwa vaselini, wanaimba Kiingereza wasichokijua. "Hatukujua maneno yanasema nini," akaniambia. "Lakini ile ngoma tuliielewa. Ilituambia duniani iko watu wa umri wetu ambao hawakuomba ruhusa." Basi baba yake, karani wa mgodi, akamkata nywele uani mbele ya wale marafiki, akamwambia, "Unanitia haya." Papa hakucheza tena. "Nilikaa sawa, binti yangu," akasema. "Zaidi ya miaka sitini nilikaa sawa."

Kumbe mtu alikuwa amerekodi, video ikazunguka kwenye WhatsApp mpaka ikamfikia Pasta Ntakirutimana, akaniita baada ya ibada. "Antoinette, ongea na baba yako. Mzee wa kanisa hawezi kurushana na wanawake kwa muziki wa kidunia. Akirudi kule atakaa viti vya nyuma, na kwaya nitampa mtu mwingine." Mama, niliogopa. Nikavichukua viatu vya Papa vya soli ya ngozi, vile alivyochezea, nikavificha saluni, na alipoviulizia nikamjibu mbele ya Désiré, "Papa, unanitia haya." Maneno yale yale. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani. Leo ni siku ya nane, hasemi kitu zaidi ya merci nikimpa chakula. Désiré kila siku ananiambia, "Mrudishie mzee viatu vyake." Jumamosi hii wanakutana tena. Na ninaungama kwako kwamba nikifumba macho namwona anacheza, na ninasikia hofu nzuri kama ya mtu aliye mbele ya Mungu. Ni dhambi? Nifanye nini?

Antoinette, Umbilo

JIBU

Antoinette, umemfichia viatu mtu wa miaka themanini na minne. Isome hiyo sentensi mara mbili ndipo tuendelee.

Najua kilichokutisha. Ukifika Durban huna ndugu, kanisa ndilo linalokupokea, na kuondolewa mbele ya kwaya ni kama kufukuzwa nyumbani. Nakuhurumia. Lakini ulichagua kumuumiza aliye mnyonge zaidi, kwa sababu yeye hatakujibu. Hilo siwezi kukusifia.

Unauliza kama ni dhambi kushangaa. Fikiria ulichokiona. Mwaka ule watoto wa Elisabethville na watoto wa Durban, wasiojuana, walisikia mdundo mmoja wakasimama pamoja, na wengi walichapwa kwa sababu hiyo. Baba yako aliunyamazisha mwili wake maisha mazima, wenyewe ukakumbuka kila hatua. Mimi nilimzika mama yangu bila kujua alikuwa nani alipokuwa na miaka kumi na saba. Wewe umeonyeshwa. Unyenyekee.

Leo, kabla ya chakula, mpe viatu kwa mikono miwili. Sema, "Papa, nimekosa," halafu ufunge mdomo. Usianze kumweleza habari za pasta.

Kwa pasta nenda na Désiré, ana kwa ana, siyo kwa WhatsApp. Mwambie hutabeba tena ujumbe wake. Akiwa na neno kwa Papa Séverin, aje akae naye amsikilize kwanza. Akiichukua kwaya, mkabidhi vitabu bila ugomvi, uimbe popote utakapokuwa umekaa. Sauti yako hakukupa yeye.

Kesho mpeleke mzee kliniki wampime presha na magoti, muulize daktari anaweza kucheza nyimbo ngapi kwa siku. Idadi hiyo muiheshimu wote wawili.

Jumamosi waambie wale wazee kwamba hutengenezi nywele. Vaa viatu vya chini, na wimbo wa pili ukianza, mwombe Papa akufundishe. Utamkanyaga. Atakugombeza kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima. Mwache agombeze.