Zege Yupo

8 Februari 1987

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nguvu za kazi. Mimi sijambo, ila goti langu lile lile. Hali ya baba yako ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Telegramu uliipata, kwa hiyo sina la kukuficha. Kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia, mkono na mguu, na kimemchukua ulimi. Baba yako, ambaye klabu ya redio walimbandika jina la Zege kwa uzito wa sauti yake, hana hata neno moja la kuombea maji. Ananitazama tu. Nikikosea anachotaka anafumba macho, nikipatia anafumba macho vile vile, basi nabaki kubahatisha.

Nilitaka kuufungia ule mtambo wake wa redio sandukuni usije ukamtia uchungu. Unajua mimi na mke mwenza huyo hatujawahi kupatana, amekula Jumapili zangu zote tangu niolewe. Lakini Jumapili ilipofika baba yako alihangaika mno kitandani, nikaona bora nimsogeze mezani na kiti chake, nikauwasha. Mwito wa klabu ukaanza hewani. Katibu akaita majina moja moja, na kila mmoja akaitika kutoka kwake: nipo, nipo, nina mafua lakini nipo. Akafika kwa Zege. Kimya. Nikadhani atamruka. Hapo baba yako akanyoosha mkono wa kushoto, akabonyeza swichi ya maikrofoni. Hakusema kitu, atasema nini? Kumbe ukibonyeza, hata bila sauti, ule mvumo hewani unakatika, na mshale kwenye mitambo ya wenzako unapanda. Nilimsikia Katibu akipiga kelele kama mtu aliyefunga goli: "Nimeuona mshale! Zege yupo!" Wakashangilia wote kwa wakati mmoja, hakuna aliyesikika.

Tangu siku hiyo imekuwa ndiyo desturi. Akiitwa anabonyeza mara moja, Katibu anasema Zege yupo, wanaendelea. Siku hiyo ndiyo anakula vizuri.

Habari za klabu alikuwa akikuandikia yeye. Sasa mtangazaji ni mimi, univumilie. Mwenyekiti wao, yule mganga wa meno, amegombana na mwenye nyumba kwa sababu ya mlingoti wa antena. Mwenye nyumba anadai unamharibia picha ya televisheni, na mganga anamjibu kwamba televisheni yake ina meno mabovu. Mnada wa vikorokoro nao umefanyika, na Fundi Saa amenunua kile kile alichokiuza mwaka jana, tena kwa furaha. Nilipomsimulia baba yako bega lilimtikisika. Nadhani alicheka.

Kula vizuri, na usilale na nywele mbichi.

Mama yako


1 Machi 1987

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yangu sikioni, upande ule mzima. Mimi sijambo, isipokuwa mikono imekuwa magamba kwa mvuke na sabuni. Chumba cha kufulia cha hoteli huku ugenini hakina mchana wala Jumamosi: mashuka yanaingia machafu kwa mlango huu na kutoka yamekunjwa kwa mlango ule, na sisi tuko katikati tunachemka nayo.

Mama, nimewasikia! Ile redio ndogo aliyonipa Baba siku naondoka, nimeipitishia waya dirishani na kuufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, kama alivyonifundisha. Wenzangu chumbani wanasema nimerogwa. Leo jioni, katikati ya mikwaruzo, nikaisikia sauti ya Katibu ikija na kuondoka. Nikasikia anamwita Zege. Halafu ule mkato: mvumo ukanyamaza kidogo, ukarudi. Nililia nikalowanisha fulana. Redio yangu ni ya kupokea tu, haina pa kujibia, lakini nilimwitikia kwa mdomo, shikamoo Baba, nikiiambia kamba ya nguo.

Sasa nisaidie. Msimamizi wetu anasema nikiondoka sasa nimejifukuza kazi, na safari najitafutia mwenyewe. Nikisubiri Juni mkataba utimie, nina likizo na tiketi ya kampuni, na kazi naikuta. Roho inaniambia nije leo. Kichwa kinaniuliza, ukija leo na kazi huna, utamtibu Baba kwa machozi?

Barua inakaa karibu mwezi njiani, kwa hiyo nimepanga hivi. Kila Jumapili nitamsikiliza. Maadamu anabonyeza, nitajua bado ana nguvu na nitasubiri. Jumapili atakayoshindwa, naacha mashuka yao sakafuni, nakuja.

Mwambie kwamba nipo hapa nasikiliza.

Binti yako


29 Machi 1987

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Huku hatuko wazima, na leo sitazunguka.

Baba yako alipigwa tena, mwanzoni mwa mwezi huu. Mkono wa kushoto, ule aliobaki nao, sasa umelala juu ya blanketi kama kitu alichowekewa na mtu. Macho ndiyo yanayofanya kazi, na anameza nikimpa polepole. Daktari aliyekuja alinipa pole kabla hajampima.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo nilimpeleka mezani kama kawaida. Katibu akamwita. Baba yako akaitazama swichi, akaitazama, jasho likamtoka, mkono hausogei. Katibu akaita mara ya pili, na sauti yake imebadilika. Mwanangu, mimi ndiye niliyebonyeza. Sikufikiri. Niliona machozi yake, kidole kikaenda chenyewe. "Zege yupo!" wakasema, na baba yako akatulia. Jumapili iliyofuata nikabonyeza tena. Mimi, niliyeapa sitamgusa mke mwenza.

Barua yako ikafika juzi. Nilipoisoma nilikaa chini. Kumbe wewe huko unahesabu kidole changu ukidhani ni chake!

Basi leo nilikusudia nisibonyeze, ili usikie kimya, uje. Nilijifunga kibwebwe. Katibu akaita: Zege. Nikashika mikono yangu. Akaita tena: Zege, Zege, tunakusubiri. Baba yako akageuza macho kwangu. Sijui nikuelezeje macho yale. Jina lake hewani ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na mimi nimekaa pembeni namnyima. Sikuweza, mwanangu. Nikabonyeza, kidole kikateleza, nikabonyeza tena. Hewa nzima ikalipuka kwa furaha: Zege leo kabonyeza mara mbili! Wanasema anapata nafuu. Mwenyekiti anataka kumletea kikombe cha klabu, kile wanachogombea kila mwaka mlimani wakiwa na mikeka na mabirika ya chai. Fundi Saa amesema kama Zege anaweza mara mbili leo, Pasaka ataimba.

Kesho alfajiri nakwenda posta kukupigia telegramu. Mvua imekata laini, kila siku wanasema kesho, lakini nitakaa pale pale mpaka ipatikane. Usisikilize redio. Nisikilize mimi. Njoo.

Mama yako


30 Machi 1987

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo mara mbili kwa Baba, maana na yeye jana kaitika mara mbili!

Nina furaha mpaka nimechoma foronya kwa pasi. Wiki tatu nilikuwa na wasiwasi, mkato wake niliuona umebadilika, unakawia. Jana Katibu aliita mara ya kwanza, kimya. Mama, nilishaanza kuvuta begi langu kutoka chini ya kitanda. Mara ya pili nikasikia: ta, halafu ta! Na kelele za wale wazee, nasikia sauti kama ya Fundi Saa anacheka. Nikalirudisha begi mahali pake. Nikawaambia wenzangu, baba yangu si mtu wa mchezo, anarudi.

Leo asubuhi nimekwenda kwa msimamizi. Alikuwa akiniuliza kila siku, unakaa au unakwenda, nijue moja. Nimemwambia nakaa. Nimetia saini mkataba mpya, na pasi yangu ya kusafiria nimemkabidhi, imeondoka leo hii na za wenzangu kwenda kugongewa kibali kipya. Itarudi Juni pamoja na tiketi. Amenisifu kwamba nina akili.

Subira yavuta heri, Mama. Mwambie Baba ajikaze hivyo hivyo. Mwambie Juni nitakaa naye mezani, aniite mimi niwe ndiye wa kubonyeza kwa niaba yake, apumzishe mkono.

Binti yako


12 Aprili 1987

Mama,

Shikamoo. Sina la kusema kuhusu afya yangu.

Telegramu yako ilifika Alhamisi ile ile ya wiki niliyotia saini. MIMI NDIYE NABONYEZA NJOO. Niliisoma mara nyingi na sikuelewa, nikadhani karani wa posta kachanganya maneno ya watu wawili. Halafu nikaelewa nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya kukamua mashuka, na mashine haisimami kwa sababu mtu ameelewa kitu.

Nimekwenda kwa msimamizi. Kanionea huruma kweli, alinipa hata kiti. Kasema pasi iko ofisi ya vibali na haitoki kabla ya kugongewa. Nimekwenda ofisi ya vibali. Karani kafungua dirisha dogo, kasema ya kwangu iko katika furushi pamoja na nyingine zote za hoteli, na furushi halifunguliwi mpaka zamu yake ifike. Nikamwambia baba yangu anakufa. Akasema pole, dada. Kila niliyemwendea alikuwa mtu mwema, Mama. Hakuna hata mmoja wa kumkasirikia.

Usiache kubonyeza. Nakuomba. Najua ni wewe, lakini yeye anatulia, na mimi nikisikia ule mkato najua kwamba mko wote wawili mezani na yeye bado anapumua. Jumapili mwambie sikioni kwamba nasikiliza. Sina kingine ninachoweza kufanya.

Binti yako


10 Mei 1987

Mwanangu mpendwa,

Mungu akupe nguvu. Telegramu ya msiba najua imekufika. Nilingoja wiki ipite ndipo niandike, nisije nikaandika kwa machozi matupu.

Alikwenda Jumatatu asubuhi, nikimpangusa uso. Jumapili yake ya mwisho alikuwa mezani. Nilimwambia sikioni maneno yako, kwamba unasikiliza. Akafumba macho. Nimeshakueleza, sijui maana yake ilikuwa ipi. Nilibonyeza, wakasema yupo, akalala vizuri usiku ule.

Watu wa klabu walikuja wote. Wamepika, wamebeba viti, Fundi Saa kalia kuliko mimi. Walipoanza kuondoka nikamwita Katibu pembeni. Nikamwambia, "Shemeji, nina deni la maneno. Zege mliyekuwa mkimshangilia tangu Machi alikuwa mimi."

Akavua miwani. "Shemeji, tulijua."

"Mlijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Zege hubonyeza na kuachia, kama anayegusa pasi kuona kama ni ya moto. Wewe unashikilia kama unagonga kengele kwa mtu aliyelala. Mkono wa mtu hewani haujifichi."

"Sasa zile kelele zote? Na kikombe?"

"Tungefanyaje? Yeye alikuwa anasikia. Na wewe ulikuwa peke yako mle ndani."

Mwanangu, nilishindwa kujua nimshukuru au nimpige. Kama angetamka hewani siku ile kwamba huyu si Zege, nawe ungesikia. Lakini hakujua kama unasikiliza, na mimi sikumwambia. Hakuna aliyefanya ubaya, na bado wewe hukumwona baba yako.

Desturi yao ni kwamba mwenzao akifa humwita mara ya mwisho. Jina lake mara tatu, kisha kila mtu anaondoa mkono kwenye swichi, hewa inaachwa tupu kwa dakika moja, na jina halirudiwi tena. Watafanya Jumapili ya tarehe 14 Juni, wameisogeza mbele kwa ajili yako, ili barua hii itangulie kufika. Mtambo bado uko mezani. Nitauwasha nisikilize. Nimemwahidi Katibu kwamba mikono yangu nitaikalia.

Mama yako


15 Juni 1987

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua na kwamba usiku unapata usingizi. Mimi nafanya kazi, nakula.

Nilisikiliza jana. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kuliko Jumapili zote, sauti ya Katibu ilikuja kana kwamba yuko chumbani. Wenzangu walizima majiko yao na kukaa na mimi. Akaita Zege. Akaita Zege. Mara ya tatu akakohoa, akaita Zege.

Halafu ile dakika. Mvumo tu. Mama, najua amezikwa. Najua mkono niliokuwa nikiusikia ni wako, na kwamba ulikuwa umeukalia. Klabu nzima walimjua Baba kwa kubonyeza kwake, na mimi mtoto wake nikasikia nilichotaka kusikia. Yote hayo nayajua. Lakini nilikuwa nimeibana redio sikioni, nikingoja mvumo ukatike. Nilikuwa nasema, Mama, bonyeza. Mara moja tu, Mama, bonyeza.

Katibu akashukuru, akaita jina linalofuata, na mwenye jina akasema nipo.

Leo asubuhi pasi yangu imerudi. Nitafika huko tarehe 27, usinipokee stesheni na goti lako, nitakuja mwenyewe. Msimamizi amenikabidhi tiketi mbele ya madobi wote, akanishika mkono, akawaambia wenzangu: "Mnaona? Aliyesubiri ndiye anayesafiri."

Wakanipigia makofi.

Binti yako